Afande, kwani amri ya mahakama iko wapi?

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa kumi na moja jioni, difenda ya polisi ilisimama mbele ya nyumba ninayopanga huku Mbagala. Wakashuka askari watatu, wawili wana bunduki. Nyuma yao ikaja bajaji, ndani yake baba mwenye nyumba na fundi aliyeshika nondo na nyundo. Mimi nilidhani wamekuja kumkamata mwizi. Ndani ya dakika ishirini godoro, jiko la gesi, ndoo tatu, begi la shule la mtoto na karai la kukaangia maandazi vyote vilikuwa barabarani, na mlango wa chumba cha jirani yangu umeshang'olewa bawaba.

Jirani yangu ni mama wa watoto wawili. Anauza chai na maandazi kituo cha daladala, anaamka saa tisa usiku wakati mimi ndo kwanza nafunga daftari. Chumba chake ni shilingi 60,000 kwa mwezi, analipa miezi mitatu mitatu. Alikuwa nyuma miezi miwili, kwa sababu mtoto wake mdogo alilazwa na mtaji wote ukaishia kwenye dawa. Deni lipo, shilingi 120,000, na hajawahi kulikana. Naliweka hili mapema ili mtu asije kuniambia natetea wasiolipa.

Nilitoka nje na kitambaa kichwani nikamsogelea yule aliyeonekana mkubwa wao.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Wewe nani yake?"

"Jirani yake. Samahani afande, naomba kuuliza, hii amri ya kumtoa imetolewa na baraza gani?"

"Amri ya nini? Sisi tumekuja kulinda amani tu. Mwenye mali anachukua mali yake."

"Na anayevunja amani hapa ni nani, afande?"

Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kitambaa. "Binti, unasoma sheria eeh? Basi subiri umalize kwanza."

Niko mwaka wa tatu. Sijamaliza, ni kweli. Lakini swali nililouliza halihitaji digrii, na jibu lake afande analijua kuliko mimi.

Kesho yake asubuhi nikamsindikiza mama kituoni. Katika vurugu zile kopo lake la akiba lilipotea, lilikuwa na hela ya unga ya wiki nzima, pamoja na sare za mtoto. Tukapanga foleni kaunta. Askari wa zamu, dada wa makamo, mpole kabisa, akamsikiliza mpaka mwisho halafu akasema: "Mama, pole sana. Lakini hilo ni suala la madai. Sisi polisi hatuingilii madai. Nenda mahakamani."

Vijana wenzangu, naomba mlisome tena hilo jibu. Jana yake, kwenye kaunta hiyo hiyo, mwenye nyumba alikwenda na malalamiko ya kodi ya pango, ambayo ni madai ukiyatazama kwa jicho lolote, akarudi na difenda. Leo mpangaji amekwenda na malalamiko ya kuvunjiwa mlango na kuibiwa, ambayo ni jinai kwa mtoto wa darasa la saba, ndo anaambiwa ni madai. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo ni askari wetu kutojua tofauti ya madai na jinai. Wanaijua vizuri sana. Wanaigeuza tu kufuatana na nani amesimama mbele ya kaunta na amekuja na nini mfukoni. Huku mtaani kila mtu anajua maneno "hela ya mafuta". Difenda haitembei kwa maji.

Sasa tuongee sheria kidogo, sitawachosha na namba za vifungu.

Upangaji wa nyumba Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Mkataba wako unaweza kuwa umegongwa muhuri wa wakili, unaweza kuwa umeandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, hata wa mdomo. Ukishapokea kodi ya mtu, ukampa ufunguo, yule ana haki ya kukaa kwa utulivu katika kipindi alicholipia. Upangaji usio na mwisho uliotajwa unahesabiwa kwa kipindi kinacholipiwa kodi, na anayetaka kuuvunja atoe notisi isiyopungua kipindi hicho. Mpangaji naye ana wajibu wake, na wa kwanza ni kulipa. Akishindwa, mwenye nyumba anaruhusiwa kudai hela yake na kudai nyumba yake. Pa kudai pameandikwa: Sura ya 216 inampeleka kwenye baraza la kata kwa ajili ya usuluhishi, na wakishindwa kupatana ndani ya siku 30 anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu. Akishinda kesi, anaomba kukazia hukumu. Anayekwenda kutoa vyombo ni dalali wa mahakama, ana jina, ana leseni, ana amri mkononi yenye namba ya shauri na muhuri.

Hapo kwenye dalali ndipo polisi anapoingia kihalali. Dalali akihofia fujo, anaomba askari wamlinde atekeleze amri. Askari anakuwa hapo kwa ajili ya ile karatasi, habebi kochi, habomoi mlango, wala hampigi mkwara mama mwenye mtoto mgongoni. Ukiondoa ile karatasi, askari anabaki kuwa baunsa wa mwenye nyumba aliyevaa sare tunayoilipia sisi wote.

Kuna jambo moja kwenye Kanuni ya Adhabu ambalo nililisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Kuna kosa la kuingia kwa nguvu kwenye ardhi au nyumba ili kuichukua. Nguvu yenyewe inaweza kuwa ya kumshika mtu, ya vitisho, ya kuvunja nyumba, au ya kukusanya kundi la watu lisilo la kawaida. Na sheria inasema ni kosa hata kama anayeingia ana haki ya kuingia. Hata kama ana haki! Maana yake hati ya nyumba unayoitikisa mbele ya afande haikusaidii kitu ukishachukua nondo. Wapo watakaosema kuna msamaha ndani ya kifungu hicho kwa mtu anayeingia kwenye mali yake iliyo chini ya mtumishi au mlinzi wake. Upo, nimeuona. Lakini mpangaji si shamba boi wa mwenye nyumba, amelipa kukaa pale.

Kwa hiyo jioni ile pale Mbagala kosa la jinai lilifanyika, mbele ya askari watatu, na askari hao ndio waliolilinda lisisumbuliwe.

Kuna mbinu nyingine ya kimyakimya, na mimi naiona mbaya zaidi kwa sababu haiachi mlango uliovunjika. Tunakaa Jumamosi na wenzangu wa chuo kutoa msaada wa kisheria kwenye ofisi ya kata, chini ya usimamizi wa mwanasheria, na malalamiko ya nyumba hayakosi hata siku moja. Kijana mmoja, fundi simu, alikuwa anadaiwa mwezi mmoja. Mwenye nyumba hakwenda kituoni kusema anadai. Alisema kijana amemtishia kumuua. Akapewa RB. Kijana akakamatwa Ijumaa jioni, na wanaojua mambo wanajua kwa nini Ijumaa: mahakama zimefungwa mpaka Jumatatu. Sheria inasema saa 24, lakini saa za wikiendi kule lokapu zinahesabiwa kivingine. Alipotoka Jumatatu mchana hakuna aliyemuuliza tena habari za kuua, kesi haikufunguliwa wala shahidi hakuitwa. Chumba chake kilikuwa na kufuli jipya na mpangaji mpya alikuwa ameshaning'iniza pazia. Alitolewa kwenye nyumba bila mtu hata mmoja kutaja neno kodi.

Kutishia, lugha ya matusi, kuharibu mali, kujipatia fedha kwa udanganyifu. Haya ndiyo majina ambayo deni la pango huvalishwa likiingia kituoni. Deni peke yake halimfungi mtu, ndo maana linatafutiwa nguo.

Mtaniuliza, si mpangaji naye ashtaki? Sawa. Tufuate njia yake. Kwa mwenye nyumba ataanzia kata, siku 30, wakati vyombo viko nje na mvua za Machi zinakuja. Anaweza kuomba zuio la haraka, lakini ombi hilo linaandikwa kisheria, lina kiapo, lina ada, na mtu aliyelala kwa dada yake Chanika hana hata nauli ya kufuatilia tarehe. Kwa polisi ndo balaa. Ukitaka kuishtaki serikali kwa kilichofanywa na askari wake, sheria inakutaka utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi uifungue Mahakama Kuu. Mabadiliko ya mwaka 2020 ndiyo yaliyolibana zaidi. Baba mwenye nyumba aliipata serikali kwa mchana mmoja. Mama muuza maandazi anatakiwa aisubiri miezi mitatu kabla hajaruhusiwa hata kugonga mlango wa jaji.

Nilikuta kwenye maktaba kwamba hatukuwa hivi siku zote. Tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye mabaraza yake, na chini yake mwenye nyumba hakuweza kurudishiwa nyumba ila kwa amri, tena kwa sababu zilizotajwa. Ilifutwa mwaka 2005. Hoja za kuifuta zilikuwepo, ilikuwa na kasoro zake, udhibiti wa kodi uliwafanya watu wasijenge vyumba vya kupangisha, na mimi siililii yote. Lakini ilipofutwa hakuna kilichowekwa badala yake kwa ajili ya mpangaji wa chumba na sebule. Sheria ya Ardhi iliandikwa kwa lugha ya watu wenye mawakili. Katiba yetu, Ibara ya 16, inasema maskani ya mtu yaheshimiwe na yapewe hifadhi, basi, imeishia hapo. Wenzetu Kenya waliandika haki ya makazi moja kwa moja kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 43. Haijazuia kila bomoabomoa kule, tunaona kwenye habari, ila angalau mtu ana pa kushika akisimama mbele ya jaji.

Na serikali yetu si kwamba haimjui mpangaji. Mwaka 2022 ilimkumbuka vizuri kabisa, ilipotaka yeye ndo akate asilimia 10 ya kodi ya pango aipeleke TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka. Yaani kwenye kukusanya kodi mpangaji ni wakala wa mamlaka, kwenye kuvunjiwa mlango ni mtu wa kuambiwa nenda mahakamani.

Sasa niseme la nyumbani, kwa sababu nikilificha mtu wa kwetu atalisema.

Baba yangu ni mwenye nyumba. Ana vyumba vitatu vya kupangisha Morogoro, alivijenga kwa mafao yake tofali moja moja, na ada yangu ya kidato cha tano na sita imetoka kwenye vyumba hivyo. Nilipokuwa sekondari kuna mpangaji alikaa miezi minne bila kulipa, kila siku ana hadithi, huku anashusha kreti za bia Jumamosi. Baba alikwenda mtaani, akaandikiwa barua, mpangaji akaichana. Mwisho akaenda kwa askari anayefahamiana naye. Askari akaja jioni bila sare, akaongea na yule mpangaji dakika tano pembeni ya choo, na asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Mimi nilifurahi. Wiki ile nililipiwa ada.

Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamsomea sehemu ya makala hii. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Andika mwanangu. Lakini andika na kwamba ile miezi minne sijalipwa mpaka leo. Ningekwenda barazani wewe ungekuwa umerudishwa nyumbani."

Sina jibu la kumnyamazisha baba, na sitaki kujifanya ninalo. Wenye nyumba wengi wa mitaa yetu siyo mabepari, ni wastaafu na wajane wanaokula kodi ya mwezi ndani ya mwezi. Kesi ya kumtoa mpangaji ikichukua mwaka, anayeumia ni huyo. Ukimwambia mtu fuata sheria halafu sheria yenyewe ina foleni ya miezi na tarehe zinazoahirishwa kwa sababu wazee wa baraza hawajafika, umemwambia avumilie tu. Hapo ndipo askari mwenye dakika tano pembeni ya choo anapopata soko. Ubovu wa mabaraza ndo biashara ya kituo.

Kwa hiyo ninachotaka chama chetu kikibebe si kauli ya "wapangaji oyee". Nataka tuandike muswada wa upangaji, wa kurasa chache, unaosomeka, unaompa mwenye nyumba uamuzi wa haraka kwa madai madogo ya kodi, tuseme ndani ya mwezi mmoja, kwenye kata, bila wakili. Na kwa uharaka huo tumdai kitu kimoja: asiguse mlango wala bati wala LUKU mpaka karatasi itoke. Upande wa polisi hatuhitaji hata bunge. Jeshi la Polisi linaweza kutoa waraka kesho asubuhi kwamba hakuna gari wala askari kutoka kituoni kwa ajili ya kumtoa mtu kwenye nyumba mpaka namba ya shauri iandikwe kwenye kitabu cha kaunta. Sentensi moja. Asiyeandika, avuliwe sare ya siku hiyo na gharama alipe mwenyewe.

Na hapa nitawaudhi baadhi ya makamanda. Wengi wetu tulilia Septemba 2016, Shirika la Nyumba la Taifa lilipotoa nje vyombo vya kampuni za Freeman Mbowe kwenye jengo la Bilicanas katikati ya Dar es Salaam, likidai malimbikizo ya kodi ya zaidi ya shilingi bilioni moja. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, kamera zote pale, mawakili wakakimbilia Mahakama Kuu siku zile zile. Tulisema ni siasa. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka picha za viti na kompyuta za Tanzania Daima zikiwa nje. Toka hapo tumesema nini kuhusu anayetolewa Manzese, Tandale, Mbagala, ambaye deni lake ni laki moja na ishirini na kamera pekee iliyokuwepo ni simu ya jirani iliyopasuka kioo? Kwenye mikutano yetu tunazungumza bunduki za polisi pale zinapotuelekea sisi kwenye maandamano. Bunduki hizo hizo zinashuka kwenye difenda kila wiki kwa ajili ya godoro la mtu, na sisi tupo kimya kwa sababu aliyetolewa hana kadi ya chama.

Wenyeviti wa mitaa nao wana sehemu yao. Yule wa kwetu alikuwepo jioni ile, amekaa kwenye kiti cha duka la jirani anakunywa soda. Alipoulizwa alisema yeye ni shahidi tu wa mwenye nyumba. Ni matunda ya Novemba 2024, wagombea wetu walipoenguliwa kwa fomu eti zimekosewa, mitaa mingine haikuwa na wa kumpigia kura mwingine. Lakini hata angekuwa wa kwetu, je, angesimama? Tumewahi kumfundisha mgombea yeyote wa mtaa afanye nini difenda ikija bila amri? Mimi sijaiona hiyo semina.

Jirani yangu sasa anakaa kwa dada yake Chanika. Anapanda daladala mbili kuja kuuza chai, anafika watu wa asubuhi wameshapita. Malalamiko yake tumeyaandika kata, usuluhishi umepangwa, mwenye nyumba ameitwa mara moja na hakuja. Chumba chake kimepakwa rangi, kodi imepanda kuwa 80,000.

Difenda ikisimama kwa jirani yako, usirushe jiwe wala usitukane, hicho ndicho wanachokitafuta ili RB ipatikane. Amkia. Uliza namba ya shauri, uliza jina la baraza, uliza dalali wa mahakama ni yupi kati yao. Andika namba ya gari na saa. Andika kila chombo kilichotolewa nje, mpaka vijiko. Wawili au watatu mtie saini kwenye hiyo karatasi jioni hiyo hiyo, kumbukumbu zikiwa bado za moto. Hiyo ndiyo karatasi tuliyokuwa nayo sisi pale kata, na ndiyo pekee iliyomfanya mwenyekiti wa usuluhishi aache kucheka.

Jumamosi hii tupo tena, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Njoo na mkataba wako, hata ule wa karatasi ya daftari. Na wewe mwenye nyumba unayedai, njoo pia, barua ya madai tunakuandikia bure.